Njiti Tatu

Tandala, Juni, saa kumi na moja alfajiri.
Sakitu imelala juu ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Ndani ya jiko, mkaa. Ndani ya kiberiti, njiti tatu.

Gunia hili nililifungua Jumapili ya Matawi.
Tangu siku ile mkaa na hewa wanalala chumba kimoja,
wanatakiana, Mwalimu Chaula angeapa, wanatakiana kweli,
na hakuna aliyemgusa mwenzake.

"Kwa nini?" alituuliza, kidato cha tatu,
katika maabara isiyo na gesi.
"Ikiwa kuungana kwao ni kuteremka,
na huko chini joto lipo la kumwaga,
mbona mkaa hauwaki guniani ukatuunguzia ghala?"
Tukanyamaza. Kukosea tulikuogopa kuliko baridi.

Akachora kwa chaki: uwanda, kilima, kisha bonde refu.
Kilima kilifanana na kile cha dirishani,
tulichopanda na viroba vya pareto
kabla ya kuteremkia mnadani.
"Bonde ni lenu," akasema. "Ila kilima hakikopeshi.
Unalipa kwanza, unateremka baadaye."

Njiti ya kwanza imevunjika shingo.

Ezekia yuko Tunduma. Namba yake ninayo.
Ni mwaka wa sita tangu auze misonobari ya baba,
eka mbili zimesimama jana, leo ni visiki na unga wa msumeno,
nami nikasikia habari kwa dereva wa lori.
Nilisema neno. Naye alisema lake.
Machi, tulipomzika mama,
yeye alisimama upande wa kichwa, mimi wa miguu,
tukatupa udongo kwa zamu.

Mwalimu alisema yupo anayeitwa kichocheo.
"Huyo ni mshenga. Hasawazishi mlima,
anaijua tu njia ya pembeni, pale mlima ulipoinama.
Anawapitisha, wanakutana,
naye anarudi kwao na koti lake lile lile,
vifungo vyote vipo."
Ndivyo ulanzi wa Kilolo unavyochacha bila kuni:
asubuhi mtamu, wa kunywesha watoto,
jioni mchungaji anauogopa.
Darasa zima likacheka.
Mimi nilimwona mama,
anavyotoka kwangu na kikapu cha matunda damu,
anafika kwa Ezekia na salamu ambazo sikuzituma.

Njiti ya pili imewaka, ikanitazama,
upepo wa chini ya mlango ukaizima.

Sasa hakuna mshenga. Kuna kilima chote.

Naegemeza mgongo mlangoni.
Nasogeza maranda niliyochonga jana kwenye kisiki,
ndiyo, visiki vile vile; bado vina utomvu,
miaka sita na bado vinanata vidoleni.
Nakwaruza.

Kilima cha kichwa chekundu ni kichuguu tu,
msuguano mdogo unakitosha.
Kichwa kinalipia mti wa njiti,
mti unalipia maranda,
maranda yanatoa moshi, yananiliza, yanasitasita,
kisha yanalipia kaa moja, pembe moja,
nukta nyekundu isiyozidi punje ya mtama.

Napuliza. Nyekundu inaenda jirani.
Baada ya hapo hakuna anayeombwa kitu.
Kaa linamlipia mwenzake, na chenji inabaki,
chenji hiyo ndiyo ninayoota.

Kiberiti ni kitupu. Nimekitia motoni nacho.
Birika limeanza kunung'unika.
Vidole vilivyokuwa vigumu kama mihogo ya jana
vimerudi kuwa vidole, vinaweza kubonyeza.

Sijui nitasema nini.
Mwalimu hakutufundisha cheche inasema nini.

Mlio wa kwanza.

Wa pili.